Karata za Blekijeki: Mnauliza, Tunajibu

Barua za mwezi huu kutoka Arusha na Moshi zimeegemea jambo moja: kuhesabu karata kwenye blekijeki, ule mchezo wa kasino wa kukimbilia 21 dhidi ya mgawaji. Tumechagua saba. Aliyetangulia ametupa nafasi ya kueleza msingi, hivyo jibu lake ni refu, na wengine tunawaomba waanzie hapo.

Nasikia wanaohesabu karata hukariri zote 312, yaani pakiti sita, zilizomo kwenye kisanduku. Mimi hata namba ya simu ya mke wangu siijui kwa kichwa. Nijisumbue kweli?
*Msomaji, Sakina, Arusha*

Hakuna anayekariri karata 312. Mtu anayecheza albastini kijiweni akajua turufu zipi zimeshatoka na nani kabaki na nini anabeba mzigo mzito kuliko huu. Mhesabu wa blekijeki anabeba namba moja tu kichwani, inayopanda na kushuka.

Mpango unaofundishwa zaidi huitwa Hi-Lo. Ulitolewa na Mmarekani Harvey Dubner mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya mwanahisabati Edward Thorp kuchapisha kitabu chenye uthibitisho kwamba mchezo huu unaweza kushindwa. Kila ukiona 2, 3, 4, 5 au 6 mezani, ongeza moja. 7, 8 na 9 ziache. 10, J, Q, K na ree, yaani ile A, kila moja toa moja. Pakiti ina ndogo 20, za kati 12 na kubwa 20, kwa hiyo ukiihesabu yote lazima urudi sifuri. Hesabu ikiwa juu ya sifuri, maana yake ndogo zimetoka kwa wingi na zilizobaki kisandukuni ni kubwa.

Kubwa zikibaki nyingi, mambo matatu yanakugeukia. Ree na 10 (J, Q na K nazo huhesabiwa 10) huja pamoja mara nyingi zaidi. Wewe ukiipata pea hiyo unalipwa dau moja na nusu, ila mgawaji akiipata anachukua dau lako moja tu. Pili, mgawaji mwenye 12 hadi 16 analazimishwa na kanuni kuchukua karata nyingine, na kubwa humuunguza, yaani humvusha 21, wakati wewe una hiari ya kutulia. Tatu, ukiongeza dau maradufu ukiwa na 10 au 11, karata unayoitamani iko karibu. Karata ambayo kutoka kwake kunakufaa kuliko zote ni 5, kwa sababu ndiyo inayomwokoa mgawaji mara nyingi.

Namba hiyo tunaiita hesabu ghafi, na peke yake hudanganya. Hesabu ghafi ya +9 zikiwa zimebaki pakiti tatu ni habari njema. Zikiwa zimebaki pakiti tano, ziada hiyohiyo imetawanyika kwenye karata nyingi. Kwa hiyo gawa hesabu ghafi kwa pakiti zilizobaki upate hesabu halisi: 9 kwa 3 ni +3, lakini 9 kwa 5 haifiki hata +2. Pakiti zilizobaki unazikisia kwa kutazama trei ya karata zilizotumika. Pakiti moja ya karata 52 ina unene wa takriban sentimita moja na nusu. Nunua pakiti sita, zipange marundo ya moja, mbili, tatu na nne, uyatazame kila siku hadi jicho lizoee.

Sasa dau. Kwenye meza yenye masharti mazuri, anayecheza bila kosa bado anaiachia kasino karibu nusu ya asilimia ya kila anachoweka. Kila hesabu halisi inapopanda kwa moja, karibu nusu asilimia inahamia upande wako. Kwenye +1 mnakaribia kulingana, na kuanzia +2 uko mbele. Ndiyo maana mhesabu huweka dau dogo muda mwingi na kupandisha kwa ngazi: kwa mfano dau moja hadi +1, mawili kwenye +2, manne kwenye +3, sita kwenye +4, manane kwenye +5 na kuendelea. Anayeweka dau lilelile muda wote huku anahesabu anajichosha bure.

Tuliposema "bila kosa" tulimaanisha jedwali la msingi, yaani orodha ya nini cha kufanya kwa kila mkono dhidi ya kila karata ya mgawaji. Lilikokotolewa na wanajeshi wanne wa Marekani kwa mashine za hesabu za mezani na kuchapishwa mwaka 1956. Lazima litangulie. Watu wengi huanza na kuhesabu kwa kuwa ndiko kunakovutia, kisha wanatulia na 16 mbele ya 7 ya mgawaji, au wanaomba karata wakiwa na 12 mbele ya 5. Mazoea kama hayo yanaweza kumeza faida yote ya kuhesabu. Mambo ya kushika kwanza: 12 hadi 16 tulia mgawaji akionyesha 2 hadi 6, isipokuwa 12 mbele ya 2 au 3, hapo omba karata. 11 ongeza maradufu mbele ya 2 hadi 10. Pea ya 8 na pea ya ree zitenganishe daima ziwe mikono miwili. Pea ya 10 na ya 5 usizitenganishe. Ree na 7, yaani 18 laini (laini ni mkono ambao ree inahesabiwa 11), omba karata mbele ya 9, 10 na ree, ingawa mkono utakataa.

Kwa hiyo jisumbue, ila kwa mpangilio: jedwali hadi ulijibu bila kufikiri, kuhesabu peke yake, kisha vyote viwili pamoja.

Nahesabu pakiti nzima kwa sekunde 50, lakini namaliza +2 au -1 badala ya sifuri. Tukikaa jamaa wanne mezani napotea kabisa. Kosa liko wapi?
*Msomaji, Majengo, Moshi*

Anza na pakiti yenyewe. Karata zilizokwisha kuchezewa mara nyingi hupungua moja mbili, au jokari wamebaki ndani. Zipange kwa alama uhakikishe ziko 13 za kila aina.

Kama pakiti ni nzima, tazama 9. Imejaa alama kama 10, na jicho lenye haraka huitoa moja. Inayofuata ni 6 iliyopinduka, ambayo huchukuliwa kama 9 na kuachwa. Chagua karata hizo tatu tu, zichanganye, uzipitie peke yake kwa siku kadhaa.

Kosa la tatu ni la ulimi. Kusema moyoni "hasi kumi na mbili" ni silabi nyingi mno kwa kasi ya meza, na wengine hudondosha ile "hasi" njiani wakajikuta wamepanda badala ya kushuka. Tafuta neno fupi la upande wa chini, kwa mfano "chini tatu", ulitumie hilohilo kila siku. Bora zaidi, acha kuhesabu karata mojamoja. Zitazame mbilimbili: K na 4 zinafutana, J na 2 zinafutana, 5 na 6 ni mbili juu, ree na 10 ni mbili chini. Ukifikia kuona pea kama picha moja, sekunde 50 zitashuka zenyewe. Lengo ni chini ya 30, mara kumi mfululizo bila kukosea. Anayemaliza kwa 25 akakosea mara moja kati ya tano hajafika.

Jaribio zuri la kujipima: toa karata moja bila kuitazama, iweke chini kifudifudi, uhesabu 51 zilizobaki. Ukiishia +1, iliyofichwa ni kubwa. Ukiishia -1, ni ndogo. Ukiishia sifuri, ni 7, 8 au 9. Ifunue ujisahihishe.

Mezani tatizo ni jingine, nalo ni mpangilio wa macho. Usihesabu kila karata inapodondoka. Subiri kila mtu awe na karata mbili, halafu pita mkono kwa mkono ukifuta pea, umalize na karata ya wazi ya mgawaji. Kisha ongeza zile zinazoombwa, moja baada ya nyingine. Anayehesabu zinapodondoka, akarudia tena kutazama mikono, hujikuta amehesabu karata ya mgawaji mara mbili. Wengine husahau ile ya kifudifudi inapofunuliwa mwishoni. Na mchezaji akiungua, karata zake hukusanywa mara moja, kwa hiyo ile iliyomuunguza ihesabu kabla mkono wa mgawaji haujafika.

Waambie hao jamaa wanne wapige soga kwa makusudi, tena wakuulize bei za vitu. Kuulizwa namba ndiyo njia ya haraka ya kupoteza namba.

Nacheza kwenye simu. Nimehesabu wiki tatu sioni tofauti yoyote.
*Msomaji, Kijenge, Arusha*

Hutaiona. Kwenye michezo ya programu karata huchanganywa upya kila mkono, hivyo kilichotoka sasa hakisemi lolote kuhusu kinachofuata. Zile meza za video zenye mgawaji wa kweli hutumia mara nyingi pakiti nane na kukata karibu nusu yake isichezwe, kwa hiyo hesabu haipati nafasi ya kukua. Tumia simu kujizoeza jedwali la msingi bila kuweka pesa. Na anayekuuzia programu ya "kukuhesabia" kwenye meza hizo, usimtumie hata mia.

Nikiingia kasino kwa mara ya kwanza, nitajuaje meza inayofaa?
*Msomaji, Shanty Town, Moshi*

Simama kwanza nyuma ya waliokaa, usome maandishi ya kwenye kitambaa na utazame karata zinakwenda wapi baada ya mkono. Zikirudishwa moja kwa moja kwenye mashine inayochanganya bila kupumzika, ondoka. Hesabu haina kazi hapo, maana kila mkono ni kama kisanduku kipya.

Cha pili ni malipo ya 21 ya karata mbili za mwanzo. Meza ya haki hulipa 3 kwa 2: dau la Sh 10,000 linaleta Sh 15,000. Kuna meza zinazolipa 6 kwa 5, na hapo utapata Sh 12,000. Sh 3,000 inaonekana ndogo, lakini mkono huo huja takriban mara moja katika mikono 21, kwa hiyo katika mikono 100 umeacha karibu Sh 14,000 kati ya milioni moja uliyozungusha. Hiyo ni asilimia 1.4, karibu mara tatu ya kile ambacho kasino hujipatia kwenye meza nzuri. Kuhesabu kwenye meza ya 6 kwa 5 ni kuchota maji kwa pakacha.

Cha tatu, tazama kadi ya plastiki inayokatia karata. Kwenye pakiti sita, ikiwekwa kiasi kwamba pakiti moja na nusu tu haichezwi, ni vizuri sana. Ikiwekwa katikati, hesabu za juu zitakutembelea mara chache mno, nazo ndizo zinazokulipa. Yapo masharti mengine, kama mgawaji kutulia kwenye 17 laini, ambayo yanakufaa. Hayo matatu ndiyo ya kukufanya ukae au usikae.

Nikiwa na 20 na mgawaji ana ree, naambiwa nikate bima "kulinda mkono mzuri". Ni sahihi?
*Mwalimu, Tengeru*

Si sahihi, mwalimu, na mkono wa 20 ni mahali pabaya pa kuikatia. Bima hailindi chochote. Ni dau la pembeni kwamba karata ya pili ya mgawaji ina thamani ya kumi, linalolipa 2 kwa 1, hivyo linahitaji kumi zifike theluthi ya karata zilizobaki. Chukua pakiti sita mpya: kumi zote ni 96, mbili unazo wewe, zimebaki 94 kati ya karata 309. Hiyo ni asilimia 30.4. Kwa bima ya Sh 5,000 unapoteza wastani wa Sh 437 kila unapoikata. Kumi zako mwenyewe ndizo zilizopunguza nafasi ya bima kushinda.

Anayehesabu ana jibu jingine: hesabu halisi ikifika +3 au zaidi, kata bima, hata kama mkono wako ni mbovu. Katika mabadiliko yote ambayo hesabu huleta kwenye jedwali la msingi, hili ndilo lenye thamani kubwa zaidi. Wanafunzi wako wa hesabu wanaweza kulithibitisha ubaoni kwa sehemu tu, bila pesa yoyote.

Kuhesabu karata ni kosa la jinai? Nitakamatwa?
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Kuhesabu ni kufikiri juu ya karata ambazo kila mtu mezani anaziona. Mahali ambapo jambo hili limebishaniwa zaidi ni Marekani. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya New Jersey, katika kesi ya mchezaji Ken Uston, iliamua kwamba kasino za Atlantic City haziwezi kumfukuza mtu kwa sababu tu anahesabu. Nevada, kwenye Las Vegas, kuhesabu kwa kichwa si kosa lakini kasino inaweza kukukatalia kucheza, na tangu 1985 ni jinai huko kutumia kifaa chochote cha kukusaidia. Tofauti hiyo ishike popote uendapo: kichwa chako ni chako, lakini simu, saa ya kuhesabia, au mwenzako anayekupa ishara za karata ambazo hupaswi kuzijua ni mambo mengine kabisa.

Hapa kwetu kasino zinasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania chini ya sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuingia. Ukiwa na mgogoro wa malipo, Bodi ndiyo mahali pa kuupeleka.

Kinachompata mhesabu kwa kawaida ni kidogo kuliko pingu, ila kinakera zaidi. Msimamizi anakuja, anamnong'oneza mgawaji, karata zinachanganywa kila unapopandisha dau. Au unawekewa kikomo cha dau, au unaombwa kwa adabu uende kwenye mchezo mwingine. Dau linaloruka ghafla kutoka moja hadi nane ndilo linalokusemea. Katika mji ambao sura zinafahamika haraka, huna meza kumi za kuzungukia. Ukiombwa uondoke, kusanya chipu zako, shukuru, nenda ukabadilishe pesa. Usibishane.

Wanangu, kijana wangu yuko mwaka wa pili chuoni. Ameacha kuingia darasani, anasema amejifunza kuhesabu karata na kwa milioni moja ya boom, pesa ya mkopo wa wanafunzi, atajilipia ada na kututunza. Ananionyesha hesabu kwenye daftari. Hesabu zake zinaonekana za kweli. Nifanyeje?
*Mama, Pasua, Moshi*

Shikamoo mama. Inawezekana hesabu zake ni za kweli. Zilizokosekana ni nyingine mbili, nasi tunakupa uziweke mbele yake.

Ya kwanza ni kasi. Chukua meza nzuri na mhesabu asiyekosea, mwenye dau dogo la Sh 5,000 na kubwa la Sh 40,000. Faida ya dau dogo moja kwa kila mikono 100 ni kadirio la haki. Kwa mikono 60 kwa saa, hiyo ni Sh 3,000 kwa saa, kabla ya bodaboda ya usiku na chakula. Lakini katika mikono hiyo 100 pesa yake inayumba juu na chini kwa karibu madau madogo 25, yaani Sh 125,000. Kuyumba ni kukubwa mara 25 kuliko faida. Ili faida ifikie tu ukubwa wa kuyumba huko inabidi acheze mikono 62,500. Kwa saa nne kila usiku, siku tano za wiki, huo ni mwaka mzima. Na mwisho wa mwaka huo, mhesabu asiyekosea kama yeye, mmoja kati ya sita, bado yuko kwenye hasara. Hajafanya kosa lolote, karata tu ndizo zimekuja hivyo.

Ya pili ni mtaji. Kwa namba hizohizo, anayeanza na Sh 1,000,000 ana uwezekano wa asilimia 53 wa kuimaliza yote kabla faida haijamkomboa. Akianza na Sh 2,500,000 ni asilimia 20. Akianza na Sh 5,000,000 ni asilimia 4. Sasa tazama pesa ya boom: lazima ilipe kodi ya chumba, chakula na nauli humohumo. Akichomoa laki tatu za chumba, mtaji umeshuka na uwezekano wa kuisha umepanda tena. Pesa yenye matumizi haiwezi kuwa mtaji wa mchezo huu. Hapo ndipo wahesabu wazuri wengi wameangukia.

Usimwambie ni mjinga, kwa sababu si mjinga, na akisikia hivyo ataacha kukusikiliza. Mwombe mambo matatu. Akuhesabie pakiti mara kumi ukiwa unapika na kumuuliza maswali, kila mara chini ya sekunde 30 na kurudi sifuri. Akuonyeshe daftari la kila siku aliyocheza: tarehe, saa alizokaa, aliingia na kiasi gani, alitoka na kiasi gani. Na akutajie meza gani, inalipa 3 kwa 2 au 6 kwa 5, na karata zinakatwa wapi. Daftari lenye siku za ushindi pekee si kumbukumbu ya mchezo. Kama ameshakopa kwa wenzake au kwenye simu ili kurudisha alichopoteza, suala la kuhesabu karata limekwisha hapo, na anahitaji kukaa na mtu anayemheshimu, mjomba au mshauri wa wanafunzi chuoni, wiki hii.

Boom ikiingia, mwende pamoja benki, ada ilipwe siku hiyohiyo, na risiti uitunze wewe.